Tulipozingojea Picha za Vifua

Nilikuwa nimeshachumbiwa nilipoanza kukohoa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, mvua zimekatika, karanga zimeanikwa uani. Nyumbani kwetu, karibu na Igalula, mama alininywesha asali na ndimu mpaka nikaichukia asali, lakini kikohozi hakikuondoka. Muuguzi wa misheni alinisikiliza mgongoni, kisha akamwambia baba, "Huyu mpeleke Tabora akapigwe picha ya kifua."

Kwetu picha ilikuwa jambo la kujipamba. Mama alinifulia gauni la kanisani, nikajipaka mafuta usoni, nikapanda treni na baba kama ninayekwenda sherehe. Kufika hospitalini nikaambiwa nilivue gauni lenyewe, nibane kifua kwenye bamba la baridi na nizuie pumzi. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

"Picha zinapelekwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa vifua," alitueleza dresa, msaidizi wa daktari aliyekuwa pia mkalimani wake. "Njooni Jumatatu."

Baba alirudi shambani, akaniacha mtaa wa Cheyo, palepale Tabora, kwa dada yake. Shangazi alinipokea vizuri, akanipa kitanda karibu na dirisha. Alinitengea pia kikombe na sahani, akasema ni kwa sababu mimi ni mgeni wa heshima. Nilijua maana yake, naye alijua kwamba najua. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa ule. Kutoka Urambo, mama wa mchumba wangu alituma salamu kwa upole: maandalizi ya harusi yasimame kidogo, tupate majibu kwanza.

Jumatatu nikaenda. "Bado," akasema dresa. Jumatatu iliyofuata, bado. Tukawa kundi la watu wa bado, tukikaa kwenye baraza la hospitali tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka, tukikohoa kwa zamu na kutazama mlango mmoja.

Hapo ndipo nilipompata yule mama wa Nzega. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mrefu, shingo imemkauka kwa kukonda, na Kiswahili chake kilichanganyika na lugha ya kwao. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Lakini mimi niite mayu, ndiyo mama kwa lugha ya kwetu. Mama yako yupo kwenu." Tangu siku hiyo tulikaa pamoja. Tulibambua karanga, tukasukana nywele, akanisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na tabia, kama mtu anayesimulia wanawe. Kulikuwa na mmoja mwenye baka jeupe ambaye hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. "Sasa huyo anakamuliwa na nani?" aliuliza, akatazama mlango ule kwa hasira.

Mchumba wangu alikuja siku moja kwa treni, bila kumwambia mama yake. Nguo zake zilinuka tumbaku ya kwao. Alileta matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, akaketi kando yangu. Nikapatwa na kikohozi kirefu. Hakusogea. Alipoondoka, mayu alisema, "Huyu anakutaka. Mwingine angekumbuka ana safari." Nililia, naye akaniacha nilie.

Jumatatu ambayo subira iliisha, aliyeianzisha vurugu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Dresa alipotoa kichwa na kusema bado, mzee alisimama.

"Bado gani? Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi kwa miguu yake. Picha yangu imepanda treni, na haijarudi!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikageuka. Mwanamke mmoja akasema mumewe amemkimbia. Mwingine akasema watoto wake wako kwa jirani na jirani amechoka. Dresa, maskini, alijibu tu kwamba yeye hana picha mfukoni.

Mayu akatandika khanga yake mbele ya mlango, akaketi. "Mimi sitoki hapa mpaka daktari aje aniambie mwenyewe." Nikaketi naye. Mzee wa reli akaketi, kwa shida, magoti yakilia. Baada ya muda hapakuwa na pa kupita.

Daktari alitoka. Alikuwa Mzungu kijana, shingo nyekundu kwa jua, na nadhani alituogopa kidogo. Alimsikiliza dresa, akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Dresa akafasiri: yule bingwa wa Dar es Salaam yuko likizoni Ulaya, na alikwenda kwa meli.

Kisha mayu akauliza, "Na wewe macho yako hayaoni?"

Dresa alisita. "Mfasirie," mayu akamwambia. Akafasiri. Daktari akawa mwekundu uso mzima, kisha akacheka. Akasema atapiga simu picha zirudishwe, na atazisoma yeye. Tulitoka pale tukipeana mikono kama watu wa harusi moja.

Zilirudi kweli. Asubuhi hiyo daktari alianza kuzisomea ndani, mayu akakataa. "Nimengoja sana. Nataka kukiona kifua changu." Basi akatoka nazo barazani, akawa anaziinua moja moja kuelekea jua, na sisi tukikodoa macho nyuma ya bega lake. Sijasahau zile mbavu zetu, nyeupe kwenye weusi, zikiwa angani juu ya paa la mabati. Mzee wa reli alipoiona yake alivua kofia.

Yangu ilikuwa na alama ndogo. Daktari aliigusa kwa ncha ya kalamu, na dresa akasema, "Hili ni kovu. Ugonjwa ulipita utotoni, wewe hukujua. Kikohozi chako ni kingine, kitapona. Nenda kaolewe." Nani alimwambia habari za kuolewa, mpaka leo sijui.

Ya mayu, daktari aliiinua akakaa nayo. Hakukuwa na haja ya kufasiri. Ilibidi apelekwe kaskazini, kwenye hospitali ya kifua kikuu iliyo upande wa Kilimanjaro, akadungwe sindano kwa miezi mingi.

"Siendi," alisema. "Nikafie kwa watu nisiowajua?"

Sikuwa na ujanja wa maneno. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Mayu, umekaa mlangoni mpaka wakakuonyesha. Sasa umeona. Nenda." Hatimaye akasema nimpelekee mumewe habari kwamba yule ng'ombe mwenye baka akamuliwe na binti yao mdogo, wengine atawapiga mateke.

Niliolewa mavuno yaliyofuata, nikahamia Urambo. Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele, na lile la kungoja hatukulizungumza kamwe. Kwa mayu sikusikia neno. Nilipokuwa nikichambua majani ya tumbaku nilijizoeza kumfikiria kama mtu aliyekwishakufa, ili nisishtuke habari itakapokuja.

Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto wangu wa pili siku sauti ilipobisha hodi uani. Sikumtambua. Alikuwa amenenepa, shingo imejaa, anatembea kama mwenye nyumba. Alikaa kwetu karibu wiki nzima. Alinisimulia mlima wenye theluji, ambao hakuupenda hata kidogo kwa baridi yake, na wauguzi aliowafundisha kusalimia kwa Kisukuma. Usiku nililala nikimsikiliza akipumua chumba cha pili, pumzi ndefu, zisizokatika.

Nilimsindikiza stesheni. Aliingia behewani akiwa bado anazungumza, akatoa kichwa dirishani akaendelea, na treni ilipoondoka alikuwa katikati ya habari ya mwanamke fulani wa Moshi na mbuzi wake, ambayo mwisho wake sikuusikia.