Furu Ndani ya Bomba la Kijiji

Wajukuu zangu wananicheka hadi leo, na wacheke tu, maana aibu niliyoipata kule Bukima enzi za Ujamaa, mbele ya mgeni wa wilaya, hata mimi ingempata mwenzangu ningecheka mpaka nikae chini.

Tulikuwaga na bomba letu, mtaro tumeuchimba wenyewe huku tunaimba, ila mashine ya kupandisha maji ilikufa tangu palizi na serikali ya kijiji ikanyamaza kimya. Siku mgeni anakuja kuuliza kama huduma zinaturidhisha, mwenyekiti akatuamuru akina mama tubebe maji ya ziwa tujaze tangi, bomba litoe, kijiji kisiaibike. (Kijiji! Aliyeogopa ni yeye.) Maji ya ziwa tunachujaga kwa kanga, lakini yangu ilikuwa mpya, nimeivalia mgeni, maana mimi ndiye niliyechaguliwa kusema, basi nikamimina ndoo zangu hivyo hivyo, nikajiambia nani ataona?

Mgeni akaniuliza, "Mama, maji haya yanawaridhisha?"

"Sana, ndugu! Masafi, ya bomba!" Nikakinga bilauri, nikafungua kwa madaha. Bomba likakohoa, likaziba. Nikachokoa kwa kijiti, mara puu! furu huyo, kasamaki ka ziwani, katua kwenye bilauri anapiga mkia, na maji yote kifuani kwangu.

Mgeni akainama kutazama. "Kumbe na mboga mnaletewa humo humo?"

Watu hoi kwa kicheko, mwenyekiti anatazama viatu vyake, na wifi yangu Nyangeta, mdomo hauna kufuli, akapaza sauti: "Wifi, sema basi! Mashine imekufa, mashine ni sisi!"

Mgeni akauliza tena, pole pole. Nimelowa chapachapa, nikasema, "Hatujaridhika, baba. Tunataka maji."

Fundi akaja kabla ya mavuno, mashine ikapona. Tukayanywa yale maji misimu kadhaa, kisha mashine ikafa tena, na safari hiyo hakuja mtu.

Sasa niko mjini, Makoko, kwa binti yangu. Bomba la uani likikauka, kila mtu ananunua ndoo yake na kufunga geti lake. Kusifia bomba kabla sijalifungua nimeapa, sirudii. Ila nikikaa hapa barazani nawakumbuka wale wanawake wa mtarini, namkumbuka Nyangeta na kelele zake, na yule mgeni aliyeuliza mara mbili. Siku hizi jibu ninalo mdomoni tangu asubuhi, wa kuuliza ndiye hapiti.