Saladi ya Mama Barafu

Wifi yangu alikuwa hatii chumvi kwenye saladi mpaka mlaji ameketi na kijiko kiko mkononi. Alisema tango likionja chumvi mapema hulia, na likishalia halibembelezeki. Nilimcheka. Nilikuwa nimefundisha shule miaka thelathini na moja, na sikuona cha kujifunza kwenye bakuli la matango.

Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeachika mapema bila mtoto. Kaka yake alipofariki tulibaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, mimi na vitabu vyangu sebuleni, yeye na visu vyake jikoni. Shule aliishia darasa la nne. Tukipita njiani pamoja, watu waliniamkia mimi kwanza, na yeye alicheka tu. "Wewe pokea salamu, wifi," aliniambia, "mimi nibebe kikapu."

Alipika kantini ya karakana ya kushona nguo. Nilifika huko mara chache, lakini nakumbuka paa la mabati lililoshuka chini mno, cherehani zilizopangwa kama madawati, na meza za wapiga pasi upande wa ukuta usio na dirisha. Chakula cha mchana kilikuwa cha moto na kizito mwaka mzima. Msimu mmoja joto lilizidi, na mpiga pasi mmoja, mwanamke mnene mcheshi, alikula akashiba, akarudi kwenye mvuke wake, akaanguka kifudifudi juu ya meza. Walimpepea kwa vipande vya kitambaa. Wifi alirudi nyumbani siku hiyo amechoka. Alipokwisha vua viatu alisema, "Wale watu tunawapika mara mbili, wifi. Mara moja kwenye sufuria, mara ya pili chini ya bati."

Akaanza saladi. Msimamizi, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni, alikubali kwa sharti kwamba isizidi gharama ya maharage. Haikuzidi. Wifi alikwenda sokoni alasiri, wauzaji wanapoanza kukunja maturubai, akachagua matikiti maji yaliyogongwa upande mmoja, matango yaliyopinda, karoti zenye vidole viwili, kabichi iliyochanika majani ya juu. Hakuna aliyezitaka, kwa hiyo bei ilikuwa ya kutupwa. Kovu alilikata, na lililobaki halikuwa na kasoro. Ile nyama nyeupe ya tikiti, iliyo kati ya ganda na wekundu, ambayo wengine huwatupia mbuzi, yeye aliikata vipande vyembamba ikawa kama tango la pili. Vitunguu alivisugua vikalegea ukali. Karoti alizikwaruza ndefu ndefu kama nyuzi. Mwishoni aliweka wekundu wa tikiti, majani machache ya nanaa na ndimu, akafunika kwa kitambaa kibichi na kuweka sakafuni penye ubaridi. Chumvi ilikaa kwenye kikopo pembeni, ikisubiri.

Na maji. Hili nataka lieleweke vizuri. Maji ya tangi la karakana hakuyatumia hivi hivi hata siku moja. Aliyachemsha jana yake, yakapoa yakiwa yamefunikwa, na kwa hayo akaosha kila kitu mara tatu, mara ya mwisho akitia siki. Pipa la wafanyakazi la kunywea halikuwa lake. Lilijazwa na mlinzi, kwa mpira, kutoka tangini moja kwa moja.

Wakampa jina la Mama Barafu. Yule mpiga pasi aliyeanguka ndiye aliyelianzisha. Alikuwa akinyoosha bakuli na kusema, "Mama Barafu, nizike humo ndani," na meza nzima ikacheka. Wifi alirudi na vicheko hivyo nyumbani kama mtu aliyetoka harusini.

Mwezi wa pili wa joto watu kumi na wanane waliugua siku moja. Walitapika, wakahara, wengine wakalazwa na kutundikiwa dripu. Daktari alisema ni maji machafu au chakula kibichi. Karakana nzima ilisikia maneno mawili ya mwisho tu.

Msimamizi alimwambia wifi akae nyumbani wakati jambo linaangaliwa. Jirani zetu walianza kupunguza sauti nikipita. Hapo ndipo nilipokalia kiti changu na kuchukua kalamu.

Katika ukoo wa mume wangu hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya watu kujieleza. Baba mkwe alikuwa karani, mume wangu mkaguzi wa shule. Niliamini, kama nilivyofundishwa, kwamba muungwana huomba radhi kabla hajadaiwa, na jambo likafa palepale. Niliandika ukurasa mmoja kwa jina la wifi. Ulisema anasikitika kwa madhara yaliyotokana na chakula alichoandaa, na kwamba anaomba asamehewe na suala lifungwe bila kelele. Kilikuwa Kiswahili safi. Nilikisoma mara mbili nikajipongeza.

Wifi alikuwa anamenya vitunguu. Alifuta mikono, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa nakiri kosa gani?"

"Hukiri. Unaomba radhi tu."

"Maji yangu yamechemka, wifi. Waulize wao."

"Tukabishane nao getini? Mabishano ni ya watu wa gengeni."

"Mimi si mtu wa gengeni?"

Nilisema, "Unataka jina la kaka yako liokotwe sokoni?"

Alichukua kalamu. Kisha aliandika jina lake chini, kwa zile herufi kubwa za mtoto wa darasa la nne, na kidole chenye kitunguu kikaacha doa kwenye karatasi. Akarudi kumenya. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi, nami nikajiambia ni vitunguu.

Barua haikufunga kitu. Msimamizi alimfukuza kazi siku ileile aliyoipokea, kisha akaibandika kwenye ukuta wa kantini ili kila mtu ajue karakana haina hatia. Pipa likaendelea kujazwa.

Wifi alijaribu kuuza saladi yake sokoni, kwenye meza ndogo. Mwanamke mmoja muuza nyanya aliuliza kwa sauti, "Hii leo inakuja na dripu yake, au mteja anajinunulia?" Watu walicheka, na Mama Barafu akawa Mama Dripu. Nyanya zake mwanamke yule alikuwa akizifuta kwa kanga aliyovaa, lakini hakuna aliyeangalia hilo. Kwa siku sita wifi alirudi na bakuli limejaa. Siku ya saba hakutoka.

Baada ya hapo alikaa. Sijui neno jingine la kusema. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mikono mapajani, na miguu ikaanza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Nilimnunulia dawa, nikamsomea magazeti. Hakunilaumu hata mara moja, na nilimwona kuwa mstahimilivu. Sasa naona alikuwa amekwisha kusema alichokuwa nacho, siku ile ya vitunguu, na hakusikilizwa.

Ulikuwa unakaribia mwaka wakati fundi wa mashine wa karakana alipogonga mlango wetu. Alikuwa mtu mrefu mwenye mafuta meusi kwenye kucha, na hakutaka kuketi.

"Mwalimu, bomba lilikuwa halitoi maji, nikapanda kwenye tangi," alisema. "Mfuniko ulikuwa umetoboka kutu tangu zamani. Ndani kuna njiwa. Wamekaa humo mpaka wamebaki mifupa na manyoya. Nimeona nije kusema kwa huyu mama."

Wifi alisikia kutoka chumba cha nyuma. Alisema tu, "Njiwa maskini."

Kesho yake nilivaa gauni langu la mikutano nikaenda. Msimamizi alinikaribisha vizuri. Alisema tangi limesafishwa na faili limefungwa.

"Ndugu yenu mwenyewe alikiri, mwalimu. Barua ipo, tena imeandikwa vizuri kuliko barua zote za hapa."

"Niliiandika mimi."

"Sahihi ni yake," alisema, akatazama saa.

Nilipita kantini. Ilikuwa saa ya chakula. Nilisimama mbele ya meza zile, mimi ambaye sikutaka mabishano ya getini, nikasema kwamba barua iliyo ukutani ni yangu, kwamba wifi yangu alichemsha maji yake, kwamba walikunywa njiwa. Vijiko viliendelea. Yule mpiga pasi mnene aliinua uso.

"Mimi siku ile sikula saladi, mwalimu. Nilikuwa nimefunga, nikafungulia maji ya pipa. Na nililazwa siku mbili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Mtu amekwisha omba radhi mwenyewe."

Nilikwenda ukutani kuibandua barua. Walikuwa wameipaka gundi ya unga, na karatasi ilitoka vipande vipande. Kiswahili changu chote kilitoka. Sehemu ya chini, yenye jina lake na doa la kidole, ilishika kwenye chokaa. Niliikwangua mpaka ukucha ukavunjika, kisha kengele ikalia na nikaombwa nipishe.

Wifi alikuwa amelala akielekea dirishani. Nilimwambia yote, hata la sahihi. Alisema angependa kitu cha baridi.

Nilitengeneza mwenyewe. Maji niliyachemsha nikayapoza, nikaosha mara tatu, nikakata tango na ile nyama nyeupe ya tikiti, nikakamua ndimu. Mikono yangu ilitaka kumaliza. Nilimletea bakuli, nikamwinua kwa mto, na wakati namtafutia kijiko alikuwa amekwisha chungulia ndani. Vipande vilikuwa vinaelea.

"Umetia chumvi mapema, wifi," alisema.

"Nimetia mapema."

Hakuweza kutafuna. Alikunywa yale maji ya tango, vijiko vinne, akasema ni mazuri hata hivyo, akaomba apumzike. Alifariki siku ya tatu. Msibani walikuja majirani wengi, kwa ajili ya jina la mume wangu, na kutoka karakana alikuja fundi peke yake. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake aliyefariki ni nani, akajibiwa, "Yule Mama Dripu."

Nimeandika haya ili anayesoma ajue alikuwa Mama Barafu, na maji yake yalichemka. Safari hii sahihi ni yangu.