Fundi Viatu na Saa ya Bendera

Boma lilitangulia, mji ukafuata. Wakoloni walipanda kile kilima kwa sababu mpaka ulipita ng'ambo ya bonde, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na wakoloni wengine, wala hawakuaminiana hata chembe. Wakajenga kuta nene, wakachimba kisima, wakasimika mlingoti wa bendera, kisha wakakaa kumngoja adui. Adui hakuja. Naye alikuwa amejenga boma lake upande wa pili, amekaa anangoja vilevile. Katika kungoja huko askari walichakaza nguo, walitoboa soli na walisikia njaa, na kila walichopungukiwa kilimleta mtu chini ya kilima: akaja dobi, akaja mshonaji, akaja mwuza nyama, wakaja wanawake wa kuolewa. Basi huo ndio mji wenyewe, usidanganywe na wanaosema ulianzishwa na shujaa.

Fundi Viatu alizaliwa mlemle. Baba yake aliwashonea viatu askari wa kwanza, naye akarithi nyundo, msharasi wa kutobolea ngozi, na kibanda mbele ya nyumba, kilichotazama barabara ya bomani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mipana, mwaminifu wa kazi, hana mkono wa birika wala hana deni na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni wivu. Na si wivu wa kutwa nzima, la. Wivu wake ulikuwa na saa yake.

Saa yenyewe ilikuwa saa ya bendera. Kapteni wa kwanza alikuwa ameweka amri: kila jioni tarumbeta likilia na bendera ikianza kushuka, yeyote aliye nje katika ardhi ya boma, mji ukiwemo, asimame wima, aelekee mlingoti, asigeuke wala asinene mpaka sauti ikome. Aliye ndani ya nyumba hakubanwa na amri hiyo. Kapteni alikufa, wakaja wengine wakaenda, amri ikabaki. Watu waliizoea hata mbuzi, walisema, walikuwa wakisimama. Fundi Viatu alipokuwa kijana aliinama katikati ya wimbo kuokota msumari, akakamatwa, akafagizwa uwanja wa gwaride mchana kweupe huku wasichana wa mji wakimcheka. Tangu siku hiyo hakuwahi kutikisa hata sikio.

Mke wake alikuwa binti wa mpishi wa boma. Kabla Fundi hajapeleka posa, posa nyingine ilikuwa imeshapelekwa na mpiga tarumbeta, askari mrefu, meno meupe, kofia kaipinda upande, ambaye mji mzima ulimwita Tarumbeta kana kwamba mama yake hakumpa jina. Mpishi alikataa. "Askari ni mgeni," alisema, "leo yupo hapa, kesho amri imemchukua, na binti yangu nani atamrudisha?" Fundi Viatu akaja baadaye, akakubaliwa, akaoa, akafurahi. Lakini miiba mingine huingia siku ya furaha. Aliyemkataa Tarumbeta ni baba. Binti je? Kuna aliyemwuliza?

Mwiba ule ungeweza kuoza ukatoka wenyewe, kama si dobi.

Dobi alikaa nyumba ya ubavuni, na alikuwa na kipaji cha kugeuza jicho bila kugeuza shingo. Siku moja alileta kiatu kisicho na tatizo lolote, akaketi.

"Fundi, mimi sipendi maneno ya watu," alianza, na ukiona mtu ameanza hivyo jua umekwisha. "Lakini jirani ni ndugu. Shemeji yangu ana nini na boma?"

"Ana nini vipi?"

"Tarumbeta likilia tu, anaacha sufuria jikoni anatoka. Kila siku! Anasimama mlangoni, macho mbele, kule juu. Na anatabasamu, Fundi. Mimi namwona kwa ubavu."

"Anatii amri."

"Amri gani, ndugu yangu? Mke wangu yuko ndani wakati huo amejilalia. Aliye ndani halazimishwi."

Fundi Viatu alikitazama kile kiatu kizima, akakipigilia msumari ambao hakikuuhitaji, akamrudishia mwenyewe. Jioni ile tarumbeta lilipolia alisimama wima kama kawaida, mgongo kwenye mlango wake, uso kwenye mlingoti. Alisikia mlango ukilia bawaba nyuma yake. Alisikia nyayo, kisha kimya. Juu ya ukuta Tarumbeta alikuwa amesimama akiuelekea mji, shavu limejaa, shaba inang'aa. Basi huyo anamwona, Fundi aliwaza. Yeye anamwona mke wangu anavyotabasamu, na mimi mwenye mke siruhusiwi kugeuka.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini mwenye wivu haulizi, anaogopa kujibiwa. Alianza kupeleleza. Mkewe alikuwa na tabia ya kuimbaimba akichambua mchele, na wimbo wenyewe ulikuwa ule wa bendera. Mji mzima ulikuwa ukiuimba, watoto walishautungia maneno ya kumtukana mwuza nyama, hata mpishi mzee aliukoroga pamoja na uji. Fundi aliwasikia wote hao kwa sikio la kushoto. Sikio la kulia lilikuwa la mkewe peke yake.

"Unaimba nini?" alimwuliza siku moja, ghafla.

"Mimi? Wala sikujua naimba."

"Umependezwa nao sana wimbo huo."

"Mume wangu, wimbo ni huo huo mmoja. Ukileta mwingine nitaimba huo."

Alijibu kwa mzaha, mumewe akaumeza kama mfupa. Akapunguza maneno nyumbani, na yalikuwa machache tangu mwanzo. Akazidisha kazi. Nyundo ikawa inalia kutoka alfajiri, mpaka mke akizungumza anaongea na mgongo, na mgongo unajibu "ehe" na "haya". Watoto walipokuja walijifunza kumwomba baba yao kitu jioni, tarumbeta likikoma, kabla hajaishika tena nyundo.

Lililomwudhi Fundi kuliko yote ni kwamba Tarumbeta alimpenda yeye mwenyewe. Kila soli ilipoisha alikuja kibandani mwenyewe, akakaa juu ya rundo la ngozi, akasema, "Shemeji hajambo?" Shemeji! Fundi alimpima mguu akitamani angekuwa anampima jeneza.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha siku moja habari ikashuka kilimani haraka kuliko maji: wakubwa wa pande mbili walikuwa wamekaa mezani huko mbali, wakapatana juu ya mpaka, na kikosi kinaondoka. Mji uliingiwa na hofu. Dobi alilia waziwazi, maana atafua nguo za nani? Mwuza nyama alisema mji umekufa, bado kuzikwa. Fundi Viatu alikuwa na haki ya kulia kuliko wote, kwa sababu askari ndio waliomlisha tangu kwa baba yake. Badala yake, alikwenda nyuma ya nyumba akacheka peke yake mpaka akashika ukuta.

Tarumbeta alikuja kuagiza viatu vya safari. Njia hadi kituo cha reli ilikuwa ya kutembea kwa miguu, siku kadhaa.

"Nitengenezee vizuri, Fundi. Sitakuwa na wa kunirekebishia njiani."

"Nitakutengenezea."

Fundi Viatu hakuwa mtu wa kutegea mwenzake msumari kiatuni. Wivu wake ulikuwa na akili kuliko hapo. Alitoa ngozi nzuri aliyoiweka akiba, akapiga soli mbili, akashona uzi kwa uzi, akapaka nta mara na mara. Hakuwahi kushona viatu vile maishani mwake. Vilikuwa viatu vya kumfikisha mtu mbali, mbali kabisa, bila kisingizio chochote cha kurudi.

Tarumbeta alivijaribu, akavitazama, macho yakamlegea. "Kumbe unanipenda hivi! Fundi, nikwambie kitu. Mimi juu ya ule ukuta naona mji wote. Una bahati wewe. Kila jioni naona jinsi mkeo anavyo..."

"Inua mguu," Fundi alisema. "Huo mwingine."

"Nataka kukwambia tu kwamba..."

"Inua mguu, bwana! Nina kazi."

Tarumbeta aliinua mguu, na jambo lile likaondoka naye.

Kikosi kiliondoka asubuhi. Mji ulisimama kando ya barabara. Mke wa Fundi Viatu alikuwa jikoni, hakutoka, na mumewe alilipima hilo pia: hatoki kwa sababu hajali, au hatoki kwa sababu hawezi kuvumilia? Akaona ngoja, jioni ndiyo hakimu. Bila tarumbeta, bila bendera, ataonekana. Asipotoka, basi kweli alikuwa akimtokea yule. Akitoka, basi anamlilia. Hesabu ya mwenye wivu ndiyo hiyo, kila njia anashindwa mwenyewe. Na alikuwa ameshaamua: usiku huohuo angemwambia arudi kwao kwa mpishi. Neno hilo alilishika kinywani siku nzima, akalizungusha kama msumari kati ya midomo.

Jioni ikafika. Kilima kikabaki kimya. Wakati uleule nyundo yake ilisimama yenyewe, mikono ikaanguka ubavuni, akasimama wima. Dobi kule ubavuni alikuwa amesimama. Mwuza nyama alikuwa amesimama na kisu mkononi. Mji mzima ulisimama ukiuelekea mlingoti mtupu, hakuna aliyeamriwa, na hakuna aliyejua aanze vipi kuondoka.

Nyuma yake mlango ulilia bawaba. Nyayo. Kisha kimya.

 Akakumbuka kwamba aliyetoa amri amekufa na aliyeilinda yuko njiani na viatu vipya. Fundi Viatu akageuka.

Mkewe alikuwa mlangoni, mikono ina unga, na alikuwa akitabasamu. Kilima hakukitazama. Alikuwa akimtazama yeye, pale pale ambapo mgongo wake ulikuwa. Uso kwa uso namna ile, mwanamke alishtuka kama mwizi aliyekutwa.

"Umegeuka," alisema.

"Unatazama nini?"

"Wewe."

"Kila siku?"

"Sasa nitazame nini kingine? Kutwa nzima umeinama, sikuoni ila kisogo na vumbi la ngozi. Saa ile ndiyo nyundo inanyamaza, unasimama, unanyooka, mabega yako yote yanaonekana. Mwanaume wa kupendeza hivyo." Akajifuta unga kwa aibu. "Nikasema basi, huko ndani kuna nini cha kunizuia."

Fundi Viatu alitafuta lile neno la kumrudisha kwao, asilipate. "Na Tarumbeta?"

"Tarumbeta kafanya nini?"

"Si alikuposa? Baba yako akakataa."

"Baba? Baba aliniuliza mimi kwanza! Nikamwambia huyo ana kelele, mtafutie sababu yoyote umwambie." Kisha akamtazama vizuri, akaelewa, na tabasamu likamwisha. "Kwa hiyo miaka yote hii... hukunisemesha kwa ajili hiyo?"

 Fundi alimwona kwa mara ya kwanza nywele nyeupe juu ya sikio, na hakuweza kusema zilianza lini. Kila jioni alikuwa ametazamwa kwa mapenzi, na kila jioni yeye alikuwa akimwonea wivu mtu mwingine kwa ajili ya macho ambayo kumbe yalimtazama yeye mwenyewe.

"Ungeniuliza," mkewe alisema. Akaingia ndani, na chakula siku ile kiliungua.

Alichelewa kumsamehe, na alikuwa na haki. Lakini Fundi alikihamisha kiti. Kuanzia kesho yake alikaa kibandani akiuelekea mlango, mgongo barabarani, na wateja wakalazimika kuzunguka.

Bendera nyingine ilikuja baadaye, na boma likapata askari wa nchi yenyewe na mpiga tarumbeta wao, kijana mzuri wa sura. Fundi Viatu alimkagua kwanza kuanzia kofia hadi kisigino, maana wivu haustaafu. Amri ya zamani ikafufuliwa. Jioni ya kwanza mji ulisimama, wote wakaelekea kilimani, isipokuwa mzee mmoja aliyenyooka wima mbele ya kibanda cha viatu, ameipa bendera kisogo.

Sajini aliteremka mbio. "Mzee! Geuka! Bendera iko huku!"

"Najua iliko, mwanangu," alisema Fundi Viatu bila kugeuka. "Mimi hiyo nilishaitazama kupita kiasi."