Korongo Mweupe wa Babu Yetu

Nalisema mwenyewe, maana kule Mwakiro kwa wakwe wamelisema hadi limechakaa: mimi ndiye mtu mzima niliyesimama mbele ya wakwe nikawasimulia filamu ya katuni, nikiiita historia ya ukoo wangu.

Tulikuwa tunakwenda kumposea mtoto wa marehemu kaka yangu, msemaji mimi, na kwetu msemaji lazima aeleze ukoo umetoka wapi kabla hajaomba binti. Sasa sisi tulikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wazee wakafia huko na habari zao, tukarudi kwetu Nyarusange na magodoro tu (na uchovu ambao haujanitoka mpaka leo). Tulipofika Muyinga mjini gari likaharibika, nikaingia duka moja kupumzisha miguu, na kwenye televisheni kijana amepanda korongo mweupe anapita juu ya milima yenye ukungu, kila jani limechorwa linatikisika peke yake, na milima ile, jamani, ni ile ile aliyokuwa akitusimulia mama kambini. Nililia kidogo. Kisha gari likapona, honi ikapigwa, nikatoka kabla filamu haijaisha.

Kwa wakwe, nilipopewa nafasi ya kusema, kichwani hapakuwa na babu hata mmoja, palikuwa na korongo tu, basi nikamrusha huyo huyo: babu yetu alishuka na ndege mweupe, akamkuta msichana mtoni, akampenda. Watu wakatulia kunisikiliza, nikaongeza na ukungu.

Baba wa binti, mfanyabiashara wa vitambaa, akauacha mrija wake kwenye chungu cha pombe ya pamoja. "Mzee, ile filme mi niko nayo kwa nyumba, bajukuu banaiangaliaka kila siku. Ule kijana, mwisho anamuacha musichana pale mtoni, anajiendea na ndege yake. Na ninyi mnafanyaka hivyo?"

Mtoto wa kaka akafunika uso. Ikabidi niseme ukweli, kwamba sijui, waliojua tuliwazika ugenini. Baba wa binti akanisogezea mrija. "Ungeanza na hiyo," akasema.

Binti tulipewa. Baadaye nilikwenda Ryansoro kwa shangazi yetu ambaye hakukimbia (yupo miaka yote hii, na mimi kwa uvivu wa kupanda kilima sikuwahi kumuuliza).

"Babu yako alikuja kwa miguu," akaniambia. "Alikuwa anatafuta pa kupanda maharage."

Nimeapa kuisema hiyo hiyo, ilivyo, kwenye posa ijayo. Filamu sijaimaliza mpaka leo. Sina nguvu ya kumwona yule kijana anamwacha msichana.