Vidole Nyuma ya Mgongo

Dada yangu anashona vizuri, lakini si ushonaji uliomjazia wateja. Ni mdomo. Mtu akiingia dukani kwetu nywele zimemsimama kama ametoka kupigana, dada atamwambia, "Leo umependeza, una siri gani?" Akija mwenye kitambaa cha rangi ya tope, atamwekea shavuni na kuapa kwamba hajaona rangi inayomkubali mtu namna ile. Mtaani wanamwita Fundi Asali. Mimi ni mdogo wake, nakaa naye chumba kimoja cha kazi kutwa, na asali hiyo ilishanikinai zamani.

Kazi tumegawana. Yeye anapima na kushona, mimi nakata, natia vifungo na kupiga pasi. Kwenye kupima ndiko kuna ujanja wetu. Benchi la wateja liko mlangoni, na hakuna mwanamke anayetaka kiuno chake kitangazwe mbele ya majirani. Kwa hiyo dada anamzungushia mteja futi, anasoma, kisha anataja kwa sauti namba ndogo kuliko aliyoiona, huku mkono wake wa kushoto, nyuma ya mgongo wa mteja, ukininyooshea vidole. Kidole kimoja ni inchi moja ya kuongeza. Mteja anaondoka moyo mweupe, nguo ikishonwa inamkaa sawasawa, na waliobaki kwenye benchi wanajishika matumbo kwa wivu. Kuna siku alinyoosha vidole vyote vitano, akafunga ngumi, akanyoosha tena vitatu, na mama wa watu akatoka pale anatembea kwa madaha.

Mambo yalianza kuwa magumu alipopata mchumba. Shangazi zetu walikuwa wameshakata tamaa naye, hata kumuuliza habari za kuolewa waliacha. Mwanamume mwenyewe ni fundi wa mageti, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mpole, mikono yote ina alama za cheche. Walipendana bila makelele. Ila alimweleza dada mapema kwamba anaishi na mama yake, kwamba hana mwingine, na kwamba hataingiza mke katika nyumba ile mpaka mama aseme ndiyo. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza tu, na dada yangu ugonjwa anauweza, njaa anaiweza, ila kunyamaziwa hawezi.

Basi akaanza kujikomba. Alisifu mapazia ya mama yule, akasifu sufuria zake, akasifu namna anavyofunga kitambaa kichwani. Nilikuwepo siku aliposifia chafya yake, kwamba ina heshima. Jibu la mama lilikuwa lile lile kila mara: "Mh."

"Unajipendekeza mpaka mimi naona aibu," nilimwambia tukirudi nyumbani.

"Namheshimu."

"Unamvika kilemba cha ukoka, na mwenyewe anakiona."

Alininunia mpaka kesho yake.

Kisha tukaletewa habari kwamba mama anataka gauni na atakuja mwenyewe kupimwa. Dada nusura apate wazimu. Duka likapigwa deki, mabaki ya vitambaa yakasukumwa uvunguni mwa meza. Tulikuwa na kioo kimoja, kile ambacho mteja anasimama akikitazama. Dada akanunua kingine, kikubwa, akaniambia nikitundike ukutani nyuma ya anaposimama mteja, ili mama mkwe ajione mbele na mgongoni. Niligongomelea misumari mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na wala hatukuwaza, si mimi wala yeye, mgongoni kuna nini.

Akaja. Mama mnene, mwenye macho makali na mwendo wa kutoharakishwa na mtu. Benchi lilikuwa limejaa.

"Karibu mama! Umeingia na duka limepata nuru!"

"Mh."

Dada akazungusha futi. "Kiuno thelathini na nne!" akatangaza, na kule nyuma vidole vinne vikanyooka.

Mama alikuwa anatazama kioo cha mbele. Ndani yake kulikuwa na kioo cha nyuma, na ndani ya kioo cha nyuma kulikuwa na mkono wa dada yangu.

"Binti," akasema bila kugeuka, "hivyo vidole vya nini?"

Mkono ukabaki hewani. Mimi nikaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Nilimwona dada anafungua mdomo, na kwa jinsi ninavyomjua, uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Akaumeza.

"Ni inchi za kuongeza, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Kiuno chako ni thelathini na nane."

"Na wale wengine mnaowapima humu?"

"Nao hivyo hivyo."

Mama akavuta kiti, akaketi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kila mtu unamwambia mzuri," akasema taratibu. "Mapazia yangu mazuri. Chafya yangu nzuri. Mwanangu naye umemwambia unampenda. Sasa mimi nitajuaje?"

Lilinichoma hilo. Miaka yote nimemcheka dada kwa mdomo wake, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku atakayokuwa na neno la kweli hataaminiwa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya futi.

"Mwanao ni mbishi," akasema. "Akiwa na njaa hasemeshwi. Akiniambia anakuja saa nne atakuja saa sita, na haombi radhi, anacheka tu. Anaimba vibaya na hajui kama anaimba vibaya. Yote hayo nayaona, mama. Na siku nisipomwona, hata tundu la sindano silioni."

Mama akamtazama usoni.

"Anaimba vibaya kweli," akasema. Akainuka, akajinyoosha gauni. "Jumapili uje ule kwangu, na mdogo wako. Usije na kitu mkononi. Jibu langu nitakupa huko, mwanangu akiwepo." Akatupia jicho benchi la mlangoni, akashusha sauti. "Na hiyo namba uliyoitangaza, iache hivyo hivyo. Wewe wa mkasi, kata kwa ile ya kweli."

Jumapili ilipofika dada alikuwa hana usingizi wala hamu ya kula. "Ukiona naanza kusifu, nikanyage mguu," aliniambia njiani. Hata hatujaketi, akayatupia macho mapazia, nikaona midomo inajikusanya. Nikamkanyaga. Akakohoa.

Mama akapakua wali na nyama. Mchumba alikuwa ametulia kwenye sahani yake, anatafuna, anatafuna, macho chini.

"Ikoje?" mama akamuuliza.

"Tamu, mama. Laini kabisa."

Mimi kipande changu kilikuwa kinanisumbua kama mpira. Mama akamgeukia dada. "Na wewe binti?"

Niliinua mguu tayari, lakini dada alikuwa ameshameza, kwa shida.

"Mama, nyama haijaiva."

Mchumba aliacha kutafuna. Mama aliweka kijiko mezani.

"Mimi tangu ning'olewe meno ya nyuma sili nyama," akasema. "Nakunywa mchuzi tu. Kila siku namuuliza huyu, kila siku ananiambia laini." Akamtazama mwanawe. "Tangu lini?"

"Muda kidogo, mama. Sikutaka kukuumiza."

"Na wageni wote wale niliowapikia, wakala wakashukuru?"

Uso wake ulinyong'onyea, nikamhurumia, nikatamani dada aseme neno la kumpoza. Hakusema. Aliinuka, akakusanya nyama yote ya sahani zetu kwenye bakuli.

"Ikirudi motoni nusu saa itakuwa sawa," akasema. "Na kifuniko tukikandamize."

Mama akasimama naye, akamshika mkono, wakaingia jikoni. Tukabaki mezani, mimi na shemeji, tukitazamana. Tulisikia mfuniko ukifunuliwa, kijiko kikigonga sufuria, na sauti ya mama, ya chini, karibu na woga: "Na haya maharage je? Sema kweli."

"Haya mazuri," dada akajibu. "Yangeongezwa kitunguu."

"Kitunguu kipo hapo. Nimenyee."

Shemeji hakuweza kuvumilia tena. "Mama!" akaita. "Na lile jibu?"

"Kula wali wako," sauti ikatoka jikoni. "Mimi na mkwe wangu tuna kazi."