Viatu Nilivyovua Mlimani

Sitatubu kwa sababu ya kuvua viatu. Niliwaandikia hivyo wazee wa usharika wetu hapa Hayes, ughaibuni, na ninarudia kwa wale ambao hawakuisoma barua.

Kazi ilinipeleka Japani kwa wiki moja. Siku ya mapumziko, mwenzangu wa ofisini alinipandisha mlima ambao wenyeji wameutukuza kwa karne nyingi. Ngazi za mawe, zilizolika katikati kwa nyayo, zilipanda kati ya miti mirefu hadi kwenye lango la mbao lisilo na mlango wala ukuta. Nyuma yake hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya huko, paa lake limeota ukoga. Watu walisimama langoni, wakainama kidogo, wakapita. Mimi, niliyelelewa kutoingia kwa mtu bila hodi, niliinama vilevile. Kisha, kwa kuwa utotoni nilifundishwa kwamba mahali patakatifu huvuliwa viatu, nikavua. Mzee aliyekuwa akifagia ngazi alicheka, akaninyooshea ufagio kuniashiria nivae: langoni hapo watu hupita na viatu. Mwenzangu alikwisha kunipiga picha. Sikusali. Nilitazama kwa adabu, nikashuka.

Picha niliituma mwenyewe kwenye kundi la simu la usharika, nikieleza nilivyoinama na kuvua. Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alinivuta pembeni ya ukumbi wa shule tunaoukodi.

"Mwalimu," alisema, maana nimefundisha kipaimara miaka tisa, "humu unaingia na viatu vyako. Kwa miungu ya watu ukavua?"

"Hata humu ningevua, mzee, kama tungekuwa tunafagia."

Mama mmoja aliyekuwa akikusanya vikombe aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Mzee hakucheka. Nisimame mbele ya usharika, alisema, nitubu, nirudishwe kundini. La sivyo darasa litapewa mwingine, na meza ya Bwana nisiisogelee.

"Nitubu heshima?"

"Utubu kuinama."

"Watoto wetu tunawafundisha kumwamkia kila mkubwa, hata asiyesali nasi. Hilo nalo tulifute?"

"Usinifundishe mimi, Mwalimu. Mimi si mtoto wa kipaimara."

Jumapili iliyofuata niliitwa mbele. Sikuinuka. Niliitwa mara ya pili, ukumbi mzima ukageuka kunitazama, nikabaki nimekaa.

Darasa sasa lina mwalimu mwingine. Wenzangu wanapokwenda kupiga magoti mezani, mimi hubaki kitini peke yangu, mstari wa mbele, mgongo wima, wanafunzi wangu wanione vizuri.