Kangara Bila Kuonja

Mama mdogo Modesta ni mkaidi kuliko watu wote niliowahi kuwapenda. Kwa miaka mingi alipika pombe ya kangara nyumbani kwake Mafiga, na hakuna sherehe ya kwetu Kinole, huko juu Uluguru, iliyofanyika bila mapipa yake. Mwaka 2014 alikwenda Kariakoo kununua ndoo za plastiki, akarudi na homa ya dengue. Viungo vilimuuma mpaka akawa anamtukana mbu aliyemng'ata, kwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Homa ilipotulia akadhani amepona. Kwa maumivu yaliyobaki akawa anameza Panadol kama karanga, maana tangu biashara iwe huria kila kona ina duka la dawa, na juu yake akateremshia mizizi michungu ya majirani. Macho yakaanza kuwa ya njano. Nikamburuta hospitali.

"Mama, dengue imelijeruhi ini lako," daktari alimwambia. "Litapona ukiliacha lipumzike. Panadol acha, mizizi acha, na pombe usiguse mpaka nikupime damu tena."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

Alinikata jicho kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma daktari. Wiki hiyo mjukuu wake Pendo, aliyekuwa ndani akifundwa, alikuwa atolewe mwali Kinole, na kangara ilishaanza kuchachuka. Kwetu mpishi hunywa kwanza mbele ya wazee, waone hajatia kitu kibaya. Asipokunywa, pombe humwagwa, na hakuna atakayemwita tena kupika. Nilimwambia nitakunywa kwa niaba yake.

"Kwani wewe ndiye uliyepika?" akaniuliza.

Siku ya sherehe wazee walimkazia macho, kibuyu kiko mkononi mwake. Akakiinua mpaka mdomoni. Nilijua atakunywa, kwa sababu namjua. Lakini akakishusha.

"Ini langu linaumwa," alisema. "Nikinywa naweza kufa, na mimi nataka kumwona Pendo akizaa. Mnaoniamini, kunyweni. Msioniamini, mwageni."

Nilitamani kuwapigia kelele wote wanywe. Ndipo akainuka Bibi Maria, mpishi mwenzake na hasimu wake tangu ujana, ambaye kila msimu alitangaza kwamba kangara ya Modesta ni maji ya kuoshea vyombo. Alikipokea kibuyu, akanywa taratibu mpaka kikaisha, akajifuta mdomo kwa khanga.

"Mbaya vilevile," akasema. "Lakini huyu hawezi kuniua. Haya, mleteeni uji, mgonjwa mnamsimamisha juani!"

Mama mdogo, ambaye homa nzima haikumtoa chozi, alilia mbele ya watu wote, na Bibi Maria akamshika mkono akamkalisha.